Aya Dirishani

Katika mji wetu hatusomi, tunachungulia. Sisemi hivyo kwa kejeli, ingawa kejeli ninayo ya kutosha na siku moja itanitoa roho. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo. Kitabu kimelazwa juu ya jiwe katikati ya uwanja, kimefunguliwa, na juu yake umelazwa ubao wa mpingo uliotobolewa dirisha moja jembamba. Kinachoonekana dirishani ni aya moja. Iliyoitangulia haionekani, inayoifuata haionekani, na anayesoma hajui kama aliyeanza kusema ni malaika au mlevi. Mimi ndiye Msomaji. Kazi yangu ni kuinama, kuitazama aya iliyojitokeza, na kuitamka kwa sauti ya kufika langoni. Kuchagua si kazi yangu. Anayeusogeza ubao ni Mshika Ubao, Mzee Obadia, mtu mwenye mikono laini na usingizi mzuri.

Inasemekana ubao ulitengenezwa na mtu aliyekuwa akitoka jasho jingi viganjani, akaogopa kulowesha kurasa. Ilikuwa hila ya kutunza karatasi, basi. Alipokufa watu wakasahau jasho lake, wakaukumbuka ubao. Leo tunaubusu. Mtoto akizaliwa anapelekwa uwanjani na paji lake la uso linagusishwa kwenye ubao. Kitabu chenyewe hakuna anayekigusa, kwani inajulikana, tangu sijui lini na kutoka kwa sijui nani, kwamba atakayekitazama bila ubao macho yatapofuka hapo hapo. Sijawahi kukutana na aliyepofuka, lakini nimekutana na wengi wanaomfahamu mtu aliyemfahamu.

Kila mtu hapa ana aya yake, aliyofunguliwa siku ya haja. Kuna bwana mmoja alifunguliwa *ule, unywe, ufurahi*, akaitii kwa moyo wote mpaka mafuta yakamzidi, na hatukujua, wala yeye hakujua, kwamba anayesema maneno hayo Kitabuni ni tajiri ambaye uhai wake unadaiwa usiku ule ule. Kuna mke na mume waliofungishwa ndoa kwa *Bwana aangalie kati ya mimi na wewe*. Maneno matamu! Wameyachonga juu ya mlango wao. Ni maneno ya watu wawili wasioaminiana, waliosimamisha rundo la mawe ili mmoja asivuke kumdhuru mwenzake. Nami nikipita pale jioni nawasikia wakiulizana: ulikuwa wapi, na nani, kwa nini umechelewa. Aya inafanya kazi yake hata kama hukuielewa. Hilo ndilo linalonitia hofu kuliko yote.

Na wakati? Wakati kwetu umekatwakatwa vile vile. Hatuna jana inayozaa leo. Mtu huamka ameshakuwa mzee na hakumbuki nani alimwoa. Nimeona mazishi yakitangulia ugonjwa. Zamani nilidhani ni laana ya ardhi, udongo mbaya, maji mabaya. Sasa nadhani watu waliozoea kuona mstari mmoja tu hupoteza taratibu uwezo wa kuona kitu kinatoka wapi na kinakwenda wapi. Ninauliza, na swali hili limenikaa kooni kama mwiba wa samaki: neno likishakatwa kutoka kwa aliyelisema, ni la nani? La Mungu, au la mwenye mkasi?

Siku ninayoisimulia ilianza na upepo. Haukuwa upepo wa msimu, maana hatuna msimu. Ulitoka upande wa jangwa, ukapita juu ya paa za watu wote bila kung'oa hata unyasi, ukafika kwenye nyumba ya Damari na kuipiga pembe zote nne. Damari alikuwa kisimani. Alirudi na ndoo kichwani akakuta vumbi limesimama mahali pa nyumba, na watoto wake watatu, Lusia, Teonesti na yule wa mgongoni ambaye siku hiyo alikuwa ameachwa alale, wote wamo ndani ya vumbi hilo. Hakuitua ndoo. Majirani wanasema alisimama nayo kichwani mpaka maji yakaanza kumchuruzika usoni, na hakuna aliyejua ni maji gani.

Waliwazika pale pale, kando ya kifusi. Udongo haujakauka, wakaja kumwita uwanjani.

Ndiyo desturi. Aliyepatwa na msiba mkubwa lazima asimamishwe mbele ya Kitabu afunguliwe aya, ili mji ujue msiba umetoka kwake au umetoka nje. Ukitoka kwake, anatolewa langoni kabla jua halijashuka, na mahali pake panalimwa, kifusi, makaburi na vyote, pasibaki alama. Damari alijua hivyo. Alikuja na udongo wa makaburi kwenye kucha. Alipopita karibu nami alisema kwa sauti ndogo, "Msomaji, mimi sitaki kitu chenu. Sitaki nyumba, sitaki chakula. Niacheni nikae na wanangu tu. Wasilimwe."

Nikamwambia, "Mimi nasoma tu, mama Lusia."

Nilipotamka jina la mtoto wake uso ulimshuka. Ulimi wangu mpumbavu!

Mji mzima ulikuwa umejaa uwanjani. Mbele kabisa alisimama Yokebedi, jirani yake, aliyekuwa akimwazima chumvi na kumlelea watoto, na sasa alikuwa amejifunga kanga kiunoni kama mtu aliyekuja kazini. Mzee Obadia alipanda kwenye jiwe. Alifumba macho. Mikono yake laini ikausogeza ubao juu ya kurasa, taratibu, huku na huku. Mimi nilikuwa karibu. Niliona kope zake hazikufumbana kabisa.

Ubao ukatulia. Nikainama, nikasoma: "*Kumbuka, tafadhali, ni nani aliyeangamia akiwa hana hatia?*"

Sasa nieleze jambo ambalo sina namna nzuri ya kulieleza. Sauti iliyotoka haikuwa yangu. Ilikuwa ya mtu mzima zaidi, mwenye adabu, mtu aliyetoka safari ndefu na anayejiona mwenye huruma. Nikajikuta nimekaa kwenye majivu. Mbele yangu kulikuwa na mtu mwenye majipu akijikuna kwa kigae, nami nilikuwa nimevaa joho nililolirarua kwa ajili yake, na nilikuwa nampenda, nasema kweli nilikuwa nampenda, na kwa upendo huo nikamwambia kwamba ameyataka mwenyewe. Kisha nikarudi uwanjani. Kinywa changu kilikuwa na ladha ya majivu, na nilikuwa sijui jina langu.

"Mmesikia!" alisema Mzee Obadia. "Kitabu kimeuliza, na kimejibu ndani ya swali. Asiye na hatia haangamii. Watoto wameangamia. Basi ipo hatia, na mama yao anaijua."

"Iseme, Mama Lusia!" Yokebedi alipaza sauti. "Iseme, utue mzigo. Sisi tuna watoto pia. Upepo ukirudi je?"

"Sina," alisema Damari.

"Kila mtu anayo."

"Kila mtu anayo, ndiyo. Mbona nyumba iliyoanguka ni yangu?"

Mzee Obadia akashuka kwenye jiwe, akamwendea kwa upole wa kutisha. "Mwanangu, usishindane na Neno. Tutakusindikiza mpaka langoni. Hakuna atakayekupiga."

Damari alimtazama, kisha akanigeukia mimi. Aliuliza swali ambalo katika miaka yote ya kuinama kwangu hakuna aliyewahi kuliuliza. Ni swali la mtoto, swali la mtu yeyote anayeletewa maneno mlangoni.

"Nani kasema?"

"Kitabu kimesema," alijibu Mzee Obadia.

"Baba, Kitabu hakina mdomo. Kuna mtu alimwambia mtu. Nani kasema, na alikuwa anamwambia nani?" Akanikazia macho. "Msomaji, wewe ndiye uliyesoma. Nani?"

Nikachungulia dirishani. Palikuwa na maneno. Hapakuwa na jina. Jina lilikuwa juu, chini ya mpingo, mahali ambapo macho hupofuka.

Niliwaza kwa haraka na kwa uoga, nami si shujaa. Niliwaza: hutaona tena rangi. Niliwaza: mwanamke huyu anatolewa mjini kwa maneno ambayo wewe mwenyewe hujui ni ya nani. Niliwaza: lakini macho ni yako, na watoto ni wake. Niliwaza hivyo, naandika hivyo, aibu ni yangu. Halafu nikasikia tena ile ladha ya majivu mdomoni, na hasira ikanipanda, hasira ya mtu aliyetumwa barua bila kuambiwa imetoka kwa nani. Nikaushika ubao kwa mikono yote miwili, nikauinua.

Watu walipiga mayowe na kufunika nyuso zao. Yokebedi alijitupa chini. Mimi nilisubiri giza. Halikuja. Ilikuja nuru ya kawaida tu, juu ya karatasi nyeupe kuliko nilivyodhani, na maneno yamejaa ukurasa mzima, yameshikana mikono kutoka ukingo hadi ukingo.

Nikatafuta juu. "Ni Elifazi," nilisema. "Elifazi Mtemani. Ni rafiki yake Ayubu. Anamwambia Ayubu, aliyefiwa na watoto."

"Aliyefiwa vipi?" aliuliza Damari.

"Sijafika huko. Kuko nyuma."

"Basi nenda mbele kwanza. Ayubu alimjibuje?"

Nikasoma. Sijui nilisoma kwa muda gani, maana jua lilisimama, au lilizama na kurudi mara nyingi bila mtu kuliangalia. Nilisoma Ayubu akijibu kwa uchungu wa kutisha, akiomba Mungu amponde afe. Nilisoma rafiki wa pili, akisema watoto walikufa kwa makosa yao wenyewe, na Damari akaguna kana kwamba amepigwa. Nilisoma wa tatu. Nilisoma wakirudia na kurudia, kwa Kiswahili kizuri, kwa mifano mizuri, na nikatambua karibu kila aya tuliyowahi kuitumia kumtoa mtu langoni. Ilikuwemo ya mkoma tuliyemfukuza. Ilikuwemo ya mwanamke mgumba aliyemfuata. Zote zilikuwa za watu hawa watatu, wageni waliokuja kufariji. Na nyuma kidogo, nilipokuwa nikilitafuta jina, nilikuwa nimeona jambo moja walilolifanya vizuri: walipofika, kabla ya hotuba zote, walikaa chini pamoja naye siku saba na hawakumwambia neno. Hiyo hatukuwahi kumfungulia mtu.

Nilipofika kwenye upepo wa kisulisuli, na Sauti iliyotoka humo, waliokuwa wamelala kifudifudi walikuwa wamekaa. Niliona mvi kwenye vichwa vilivyokuwa vyeusi. Sauti haikumjibu Ayubu alichouliza. Ilimuuliza alikuwa wapi misingi ya nchi ilipowekwa, ikamwonyesha mbuni, farasi na mamba. Sikuielewa, na sitajifanya kuwa niliielewa. Niliisoma kama ilivyo. Kisha Sauti ikamgeukia Elifazi, nami nikamsoma Mungu akimwambia: "*Hasira zangu zinawaka juu yako, na juu ya hao rafiki zako wawili; kwa kuwa ninyi hamkunena yaliyo sawa katika habari zangu.*"

Nikanyamaza kuvuta pumzi. Kosa langu lilikuwa hapo, kuvuta pumzi.

"Hasira zangu zinawaka juu yako!" alisema mtu nyuma. Akarudia mwingine. Yokebedi aliinuka, akajipangusa vumbi, na niliona macho yake yakimtafuta mtu wa kumpa maneno hayo. Alimpata. "Mzee Obadia! Kumbe ni wewe! Umetusomesha uongo, umetutolea ndugu zetu langoni! Hasira zangu zinawaka juu yako!" Yule mkoma alikuwa kaka yake Yokebedi, sikumbuki kama nilisema. Naye ndiye aliyebeba fimbo siku ile ya kumfukuza.

Mji mzima ukaitika. Walikimbilia mahali penye mawe karibu, na mahali penye mawe karibu palikuwa kifusi cha Damari. Walirudi kila mmoja na kipande cha ukuta wake mkononi. Mzee Obadia alikuwa ameuokota ubao nilioutua, ameushikilia kifuani, akijikinga nao. Niliona uso wake ukibadilika: ukawa wa yule mwenye majipu, ukawa wa Elifazi, ukawa wangu. Nikaelewa kwamba nimeuondoa ubao wa mpingo na watu wametengeneza mwingine papo hapo, kwa meno yao. Walikuwa wamekata aya moja na walikuwa tayari kuua kwayo, na safari hii aya ilikuwa ya Mungu mwenyewe, imenukuliwa bila kukosea hata neno.

"Msomaji." Ilikuwa sauti ya Damari. Hakuwa na jiwe. "Umemaliza?"

"Bado."

"Basi mbona umenyamaza? Soma."

Nikatazama chini, nikaiona aya inayofuata, na nikatamani nisingejua kusoma. Ingekuwa rahisi sana kuiruka. Hakuna mtu angejua. Ningegeuza ukurasa, ningesoma namna Ayubu alivyorudishiwa kondoo na ngamia, mji ungepata mtu wake wa kumwua, na mwanamke huyu angebaki na makaburi yake. Nani angenilaumu? Nilikuwa na mkasi mkononi kwa mara ya kwanza maishani. Ni mwepesi. Unatosha vizuri kwenye vidole.

Nikasoma. Nikasoma kwamba marafiki wale watatu waende kwa Ayubu na sadaka zao, "*na mtumishi wangu Ayubu atawaombea ninyi; kwa kuwa nitamridhia yeye.*"

Mawe yalibaki juu. Vichwa vikageuka, kimoja kimoja, kumwelekea Damari.

"Rudia," alisema.

Nikarudia.

"Mimi? Niwaombee hawa?"

"Ndivyo ilivyo, mama."

"Mawe waliyoshika ni ya nyumba yangu. Kuna damu ya mwanangu kwenye hilo alilolishika Yokebedi. Niwaombee?" Alikuwa akilia sasa, kwa sauti, bila kujificha, na alikuwa na hasira kama mtu aliyeibiwa mara ya pili. "Wewe umeniletea nini? Nilikuuliza nani kasema, sikukuomba hili! Huwezi kuliruka?"

"Naweza," nilimwambia. "Nikiliruka, nitakuwa Mzee Obadia."

Mikono iliyoshika mawe ilianza kuchoka. Niliona kiwiko cha Yokebedi kikishuka, na hakuthubutu kulitua jiwe. Hakuna aliyethubutu kurusha pia. Maisha ya Mshika Ubao, na nadhani ya sisi wote, yalikuwa yamening'inia kwenye kinywa cha mwanamke tuliyekuja kumfukuza.

Damari akaenda mpaka alipokuwa mzee. Akamnyang'anya ubao, akauweka chini, na kuweka kiganja chake chenye udongo juu ya kichwa cha mzee. Hakufumba macho.

"Mungu," alisema, "hawa ndio waliosema. Siwapendi. Usiwatende kama walivyonitenda. Nimemaliza."

Hakuna aliyeitika amina. Jiwe la kwanza kuanguka lilikuwa la Yokebedi, na lilimwangukia mguuni, naye hakulia. Mengine yakafuata. Mzee Obadia alibaki amepiga magoti na alama ya vidole vya udongo kwenye mvi zake, akitazama mikono yake kama kitu alichookota. Watu walisimama wakingoja kuambiwa waende, lakini hapakuwa na wa kuwaambia.

Damari alikuwa ameshaanza kuondoka, kuelekea makaburini. Hakuna aliyemzuia. Nilidhani imekwisha, nikaanza kuinua Kitabu nikifunge, na mwili wangu ulikuwa mwepesi kwa furaha. Alisimama, akageuka.

"Kilete," alisema. "Njoo nacho kule kwa wanangu, ukae chini, usome."

"Nisome wapi, mama?"

"Ulisema kuna nyuma hujafika. Nyumba ya Ayubu iliangukaje? Nani aliutuma ule upepo? Nataka toka neno la kwanza. Usiruke."

Nilikuwa nimekwisha kuona. Nilipokuwa nikitafuta jina la Elifazi, jicho langu liliteleza nyuma kurasa mbili, nikaisoma kabla sijajizuia: siku waliyokuja wana wa Mungu kujihudhurisha, na Shetani akaja kati yao, na yale yaliyosemwa baina yake na Bwana juu ya mtu asiye na hatia, na ruhusa ambayo Bwana alimpa Shetani. Baada ya ruhusa, upepo kutoka jangwani. Pembe nne za nyumba.

Nilibeba Kitabu kwa mikono miwili. Kilikuwa kizito kuliko ubao. Alikuwa ameshakaa kati ya matuta yale matatu, miguu ameinyoosha kama mama anayengoja kupakatishwa mtoto. Nikakaa chini mbele yake. Nikatamani kumwambia, walikaa siku saba bila kusema neno, na sisi tukae hivyo. Lakini yeye alikuwa ameshanyamaza zaidi ya hapo, na sasa alitaka kujua.

"Soma, Msomaji."

Nikafungua ukurasa wa kwanza. Sauti iliyotoka ilikuwa yangu mwenyewe, na ilitetemeka.